Mgahawa wa samaki wa kupaka wa Chikongola: ulivyopanda, ulivyoshuka na kinachofaa kuagizwa leo

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeuliza mahali pa kula samaki wa kupaka Mtwara mjini alielekezwa kwenye mgahawa mmoja wa familia ulioko Chikongola. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nitasema mapungufu yake waziwazi na wenyewe ni watu ninaowaheshimu. Naandika kwa sababu bado unahudumia wateja, na kwa sababu naamini kilichouangusha kinaweza kurekebishwa.

Mama mwenye mgahawa alianzia barazani kwake, akiuza vitumbua na mihogo ya nazi asubuhi kwa makuli wa bandarini na wachuuzi wa sokoni. Wali na samaki vilifuata baadaye, mumewe alipoanza kwenda feri alfajiri kuchagua changu na tasi mara tu ngalawa zinapoingia. Utamu wa mahali pale ulitokana na kazi, wala haukuwa na siri yoyote. Nazi zilikunwa kwa mbuzi asubuhi hiyohiyo. Tui la kwanza lilitengwa kwa ajili ya samaki na tui la pili likapikiwa wali, ambao ulipaliwa makaa juu ya mfuniko hadi kila punje ikajitenga. Samaki alibanikwa kwanza mpaka akakauka, kisha akapakwa tui zito lililochemshwa pamoja na kitunguu saumu, bizari, pilipili mbichi na ndimu, akageuzwa na kupakwa tena na tena, mpaka tui likamshika na kuanza kuungua kidogo kwenye mapezi. Mabinti walikuna nazi, kaka yao aligeuza samaki, na baba alikaa mlangoni na daftari lake. Msimu wa korosho ulipofika, kuanzia Oktoba, wakati wa minada, madereva wa malori na wanunuzi walisubiri meza wakiwa wamesimama.

Kisha ikaja gesi. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, lakini shamrashamra kubwa zilianza baada ya 2010, gesi ilipopatikana katika kina kirefu cha bahari. Nyumba za kulala wageni zikaota kila mtaa, kodi zikapanda, na mji ukajaa watu wenye posho. Familia ikakopa, ikajenga banda la pili, ikanunua majokofu makubwa na kuajiri wapishi. Siwalaumu kwa mkopo huo, maana mfanyabiashara yeyote mwenye akili angeiona fursa ileile. Na hata baada ya vurugu za Mei 2013 za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, maduka ya mjini yalipofungwa, wateja wao walirudi.

Ninachokilaumu kilifanyika jikoni. Menyu ilirefuka hadi kurasa nne, ikaingiza chipsi, kuku wa kukaanga na hata piza, vyakula ambavyo hakuna aliyevuka mji mzima kuvifuata. Samaki wakaanza kununuliwa kwa wingi na kulazwa jokofuni. Mbuzi ya nazi ikawekwa stoo, likaja tui la pakiti, na mama, ambaye mkono wake ndio uliojenga jina la mgahawa, akahamishiwa kaunta kupokea fedha. Wageni hawakulitambua badiliko hilo, kwa kuwa hawakuwa na cha kulinganisha. Wenyeji walilitambua mapema, wakaondoka kimyakimya bila kulalamika, na huo ndio mwondoko mbaya kuliko wote kwa mwenye mgahawa.

Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015. Kazi za ujenzi zikaisha, wakandarasi wakaondoka, na banda la pili likabaki na viti vitupu. Mwaka 2018 likaja pigo la korosho: wakulima waligoma kuuza kwa bei ya chini, Serikali ikatangaza mwezi Novemba kwamba itanunua kwa Sh 3,300 kwa kilo, na malipo ya wengi yakachelewa. Mtwara fedha ya korosho ndiyo fedha ya kila mtu, kuanzia bodaboda hadi fundi cherehani, kwa hiyo daftari la mali kauli likajaa majina huku marejesho ya mkopo yakidaiwa kila mwezi. Baba akafariki katika kipindi hichohicho. Ya mgawanyo baina ya watoto ni ya ukoo wao. Inatosha kusema kwamba banda la pili leo ni duka la vifaa vya simu.

Nilipokula pale hivi karibuni, menyu ilikuwa ileile ya kurasa nne, na karibu kila nilichotaja kilijibiwa kuwa hakipo. Maji ya kunawa yaliletwa kwa birika kabla sijaomba, kama zamani, na wali ulikuwa mzuri kwelikweli. Changu alikuwa fresh, lakini tui la pakiti lilimteleza juu ya ngozi likakusanyika chini ya sahani, jepesi na tamutamu. Kitindamimba, ambaye ndiye anayeendesha mgahawa sasa, alikuja kunisalimia. Baada ya shikamoo akasema: “Mjomba, ungeniambia mapema ningekukunia nazi.”

Nilimjibu kwamba asiyefahamika ndiye anayestahili zaidi kukuniwa nazi, kwa sababu ndiye atakayeamua kurudi au kutorudi. Nazi sokoni zipo, mbuzi ipo stoo, na fundi wa kazi hiyo yu hai. Menyu ya ukurasa mmoja, yenye samaki wa siku hiyo tu, ingewapunguzia gharama ya majokofu na kuwarudishia wenyeji.

Anayetaka kula vizuri aende Ijumaa baada ya sala, siku ambayo mama mwenyewe hushika jiko na nazi hukunwa. Wali na changu ni Sh 8,000, na siku hiyo vinastahili kila shilingi. Wakati wa kiangazi huchemsha pia ming’oko, mizizi ya porini inayofanana na viazi, akaiuza barazani kwa chumvi na pilipili. Huisha kabla ya alasiri. Siku nyingine agiza wali na maharage, na chipsi usiziguse.