Majani ya bwawa niliyonunua kwenye kitalu cha barabarani, Dar

Jamani nina kabwawa kadogo nyuma ya nyumba, kama lita 800 hivi, maji yalishakuwa ya kijani kama mlenda. Nikaenda kitalu kimoja nikamwambia kaka nataka majani ya kuwapa samaki hewa, akanifungia mafungu matano ya honiwoti, buku tatu tatu, halafu juu akanitilia na gugu maji eti "bonasi dada, linapendeza". Hilo nimelianika juani likauke kabisa, nani asiyejua lilivyoisumbua Ziwa Victoria, na mtu anagawa kama kachumbari! Nyota mbili zimeondokea hapo.

Ila honiwoti yenyewe iko poa, haina mizizi kwahiyo huhangaiki na udongo, mi nilifunga kokoto kwa uzi nikazamisha, mchana jua likiwaka unaona vipovu vidogo vinapanda. Wiki ya kwanza ilipukutika nikajua imekufa, kumbe inazoea maji. Suuzeni kwanza kwenye ndoo, yangu ilikuja na konokono kibao. Na kama unafuga perege usijisumbue, watatafuna yote, mi nina goldifishi tu.