Nimeenda taftishi ya bei ya maji kwa mara ya kwanza, nawapa nyota tatu na nusu

Watu huku wanasifia na kuponda hoteli, saluni, mabasi, ila sijawahi kuona mtu ameandika kuhusu taftishi ya bei za maji, ule mkutano wa watu kutoa maoni kabla bei haijaamuliwa, na hiyo bei ndo inatugusa kila mwezi, kwa hiyo naandika mimi. Ilikua juzi kwenye mji wetu huku kanda ya kati, jina la mji naliacha. Nina mgahawa mdogo na vyumba vitano vya kupangisha, nalipa bili mbili, ya biashara na ya makazi, ndo maana nilifunga mgahawa nusu siku nikaenda.

Kwanza kuna kitu hata mi nilikua nakiamini, kwamba bei ya maji wanapitisha madiwani. Hapana. Mamlaka ya maji inaandika maombi inapeleka EWURA, yaani mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, EWURA wanatangaza na kuja ukumbini kusikiliza watu, alafu bodi yao ndo inaamua na amri inatoka kwenye Gazeti la Serikali. Diwani wetu alikuepo ila alisubiri maiki kwenye foleni kama sisi wengine. Kule Marekani miji mingi baraza la jiji lenyewe ndo linapiga kura, na jimbo la California tangu 1996 katiba yao inataka kila mwenye nyumba aandikiwe barua siku 45 kabla, na zaidi ya nusu wakipinga kwa maandishi bei haipandi. Hiyo ya barua mi naitamani sana hapa, manake tangazo la gazetini mama anaeuza mboga hawezi kuliona.

Kilichonifurahisha ni maswali. Mwenyekiti aliacha watu waongee mpaka wamalize, hata bibi mmoja aliekuja na bili zake za mwaka mzima kwenye mfuko wa Rambo alisikilizwa yote. Watu wa EWURA CCC, lile baraza la watumiaji, walikua wamejiandaa kweli, waliuliza maji yanayopotea njiani kabla ya kufika kwenye mita ni kiasi gani manake kiwango kinachokubalika ni 20%, ukizidi hapo unataka mteja alipie mabomba yako yanayovuja. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Na upande wa mamlaka wana hoja moja ambayo mi nimeielewa na naitetea: umeme. Huku kwetu hatuna mito ya kushuka mlimani, tunakunywa visima. Dodoma kwenyewe wanategemea visima vya Mzakwe na jiji limetoka watu 410,956 sensa ya 2012 likafika 765,179 ya 2022, pampu inabidi izunguke usiku na mchana, sasa umeme ule nani analipa kama sio bili? Hilo sawa kabisa.

Ila kwenye gati, lile bomba la mtaani la kuuzia maji kwa ndoo, ndo nilisimama mwenyewe nikaongea na sauti ilitetemeka. Unit moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Ndoo ikiuzwa shilingi 50 hiyo unit ni 2,500, dumu la mkokoteni ukinunua 200 ushalipa 10,000 kwa maji yaleyale, kwa hiyo asie na bomba ndo analipa ghali kuliko mimi mwenye mgahawa, na ukipandisha bei ya gati hata kidogo yule muuzaji hapandishi kidogo, anaruka na hamsini nzima. Nikaomba bei ya gati isiguswe na ibandikwe pale gatini kwa maandishi makubwa. Wameandika, niliona karani anaandika.

Nyota nilizokata sasa. Makabrasha ya maombi tulipewa mlangoni asubuhi ileile, kurasa nyingi na majedwali yote kingereza, utamuulizaje mtu kitu ambacho ndo kwanza unakifungua? Hiyo mamlaka ya mji wetu ijirekebishe, karatasi mbili za kiswahili wiki moja kabla zingetosha.

Na majitaka yalipitiwa haraka haraka mwishoni watu washachoka na joto. Wakati hapo ndo penye utata! Bomba la choo halina mita, bili ya majitaka inahesabiwa kutokana na maji safi uliyotumia, kwa hiyo bei ya majitaka ikiguswa bili yako inaweza kupanda kimya kimya hata kama hujaongeza matumizi. Alafu wengi wetu hata hilo bomba hatuna, tuna mashimo, tunaita gari la kunyonya, na gari likienda kumwaga kwenye mabwawa ya mamlaka linalipia, ile tozo ikipanda mwenye gari anaihamishia kwako. Niliuliza tozo hiyo imo kwenye maombi au haimo, nikaambiwa muda umeisha niandike.

Maandishi yanapokelewa mpaka Ijumaa. Mi nimeshaandika kurasa mbili, zote za hilo gari tu, na wapangaji wangu wamesaini chini. Amri ikitoka alafu usiridhike kuna Baraza la Ushindani unakata rufaa, ila huko ni safari nyingine, afadhali useme sasa hivi wakati kalamu bado iko mezani. Beba bili zako za miezi kadhaa, za karatasi, na maji ya kunywa, ukumbini hayakuepo.