Pakeji ya Tsavo na Lamu kutoka Malindi: porini wako sawa, baharini hapana

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: hawa jamaa wa safari wenye ofisi hapa Malindi mjini, ukitaka wakupeleke Tsavo wape pesa yako ulale, lakini ile nusu ya pili ya pakeji yao, bahari na Lamu, jipangieni wenyewe. Jina lao siliweki kwa sababu kuna hela bado tunadaiana na sitaki maneno.

Wageni wenyewe ni kakangu, mtoto wa shangazi, anakaa Uingereza na mkewe na watoto wawili. Walitaka yote kwa mpigo, ndovu, bahari, Lamu, halafu warudi kabla shule hazijafunguliwa, kwa hivo ni Agosti tu hakuna mwezi mwingine. Sasa Agosti kwetu ni msimu wa upepo wa kusi. Porini ni wakati mzuri sana manake kumekauka, majani yamepungua, wanyama wanasogea mtoni unawaona wazi, lakini bahari inachafuka, upepo hautulii na mwani unajaa ufuoni mpaka watoto wanauliza ni takataka gani hii. Kaskazi ikiingia, Disemba hadi Machi, mambo ni kinyume, bahari inatulia na maji yanakuwa meupe unaona samaki chini. Mtu anaetoka mbali hivo na analipa tikiti za watu wanne hilo ndo jambo la kwanza kuambiwa, achague anataka kipi kiwe kizuri zaidi. Hawakumwambia. Walimuuzia kuogelea na miwani kule Malindi Marine, ile hifadhi ya baharini, kwa bei ileile ya Januari na picha za Januari.

Haya, Tsavo. Hapa nawapa haki yao. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri kwa barabara ya Sala, ukipita Kakoneni na Langobaya unafuata upande wa mto hadi getini, na uzuri wa kuanzia Malindi ni huo, huhitaji kuzunguka Mombasa na Voi ndo uingie Tsavo East. Gari lilikuwa Landkruza kweli, la kufunguka juu, na kila mtu ana dirisha lake, sio ile ya kuahidiwa Landkruza ikija ni van na mmoja amekaa katikati anaona visogo vya wenzake. Dereva ni mzee wa huko huko Langobaya. Kabla hatujatoka mjini alikusanya chupa zote za plastiki, kwa sababu tangu Juni 2020 haziruhusiwi kwenye mbuga, akatoa chupa zake za bati na jagi kubwa la maji baridi. Wageni walikuwa washaanza kunung'unika na vichupa vyao, baadae wote wanagombania jagi.

Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu wanajimwagia ule udongo mwekundu, hilo kila mtu atawaonyesha. Kilichonifurahisha mimi ni huyu mzee anavosubiri. Tulifika mahali kuna swala twiga mmoja, yule mwenye shingo ndefu, amejibanza kwenye kichaka, dereva mwengine angesema huyo hapo, picha, twende. Mzee akazima gari. Akasema tulieni, mtanishukuru. Tumekaa, jua linawaka, mtoto mdogo ashaanza kulalamika, mara swala akasimama kwa miguu ya nyuma wima kabisa, miguu ya mbele anavutia matawi, anakula majani ya juu kama mbuzi wa jirani kwenye mpapai wetu. Alikula vile vile, anahama tawi hadi tawi bila kushuka, na yule mtoto wa kulalamika ndo akakataa tuondoke. Simba tuliwaona pia, mbali, madume ya Tsavo mengi hayana manyoya mengi ya shingo kwa hivo wageni walibisha kama ni dume, mzee akawapa darubini wakajionea.

Lugard Falls msitarajie maporomoko ya kuanguka kutoka juu, ni mto Galana (huu huu tunaouita Sabaki ukifika kwetu) unajipenyeza kwenye majabali yaliyochongwa na maji yakawa na mashimo na mapango. Mamba wako chini yake. Watoto shikeni mikono, hakuna ukuta wala kamba.

Kempu ilikuwa ya mahema karibu na mto, kitanda safi, maji ya moto ya jioni, sola inazimwa usiku kwa hivo chajini simu mapema. Viboko wanakoroma usiku kucha, wifi yangu hakulala, mimi nililala. Chakula cha kempu kizuri. Ile lanchi ya boksi ndo aibu, paja la kuku lililokauka, yai, ndizi, na mkate wenye siagi iliyoyeyuka ikaingia kwenye karatasi. Watu wa Malindi mnashindwa kufunga viazi vya karai jamani? Mahamri?

Jambo la pesa za geti lisomeni vizuri. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wana bei tofauti, raia, mkaazi, na mgeni wa nje, na malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, geti halichukui noti. Mimi nina kitambulisho, na mamangu pia alikuwa nasi. Kampuni ilituchaji sote bei ya mgeni wa nje, ati pakeji ni moja. Nilipoona hivo nikaomba risiti ya eCitizen, nikaambiwa ofisi itatuma, nikakaa palepale ofisini mpaka ikatumwa, na risiti inasema raia wawili kwa bei ya raia. Kijana wa kaunta akasema, "Dada, hiyo tutairekebisha." Nusu wamerudisha kwa M-Pesa, nusu bado. Kwa hivo ukiwa na familia ya mchanganyiko kama yetu, dai ada za mbuga ziandikwe peke yake kwenye bili, mtu mmoja mmoja, kabla hujatuma dipoziti.

Bahari sasa. Siku ya miwani nahodha mwenyewe alikataa kutoka, na alifanya vizuri, mawimbi yalikuwa yanapanda. Kampuni haikuwa na mpango mwengine wowote, wakasema kesho, na kesho ni kusi ileile. Tukajipeleka Mida Creek, kule maji yametulia kwa sababu ni ndani ya mikoko, kuna lile daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalia ndege, na kiingilio kinasaidia karo za watoto wa vijiji vya karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Watoto walifurahi kuliko tulivodhani. Bei ndogo, na hakuna wa kukupigia simu asubuhi kukwambia mambo yamebadilika.

Lamu walienda kwa ndege hadi Manda, bima yao ya Uingereza haikutaka wapite barabara ya Garsen na Witu. Vindege hivi vidogo vinachukua kilo 15 kwa mtu na wanataka begi laini, hili nalo kampuni haikusema mpaka jana yake usiku, na hawa wamekuja na masanduku magumu ya magurudumu makubwa. Masanduku yakalala kwetu, nguo zikaingia kwenye mikoba ya soko ya mamangu.

Kule Lamu walipokelewa na kijana ambae hajawahi kuonana na mtu wa Malindi, amepigiwa simu tu. Nyumba waliyolipia iliandikwa Shela, wakapelekwa Wiyoni. Mji Mkongwe ambao UNESCO waliuweka kwenye orodha ya dunia 2001 wakazungushwa nusu saa, wakionyeshwa zaidi maduka ya vinyago kuliko milango ya kuchonga. Halafu Takwa. Kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, lazima maji yawe yamejaa, njia ya maji kwenye mikoko ni nyembamba. Ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwenye bamvua pwani yetu maji hujaa alfajiri na alasiri, saa nne saa tano asubuhi yamekupwa kabisa. Kampuni ikaweka boti saa tatu asubuhi! Walikwama kwenye matope wakisubiri, na kofia haitoshi kila mtu. Mtoto yeyote wa Lamu angewaambia waondoke baada ya adhuhuri.

Siku zilizobaki kakangu aliachana nao, akatafuta nahodha mwenyewe pale gatini, akahamia Shela, wakala samaki wa kupaka, wakapita na punda kwenye vichochoro, na zile ndo picha anazotuma kwenye grupu la familia mpaka leo.

Kwa hivo nyota nne Tsavo, moja Lamu, na hiyo moja ni ya kupokelewa uwanja wa ndege. Mkiwaendea waambieni mnataka Tsavo peke yake, kulala usiku mmoja na kurudi, ada za geti mbali, lanchi mtafunga wenyewe, na muulizie yule mzee wa Langobaya kwa sababu madereva wengine wao sijapanda nao.