Soksi za kubana miguu, baada ya kuzivaa miezi mitano

Kazi yangu ya kuuza leso katika mtaa wa Biashara hunisimamisha kutwa nzima, na kwa muda mrefu niliamini kwamba uvimbe wa vifundo vyangu ni joto la Mombasa tu. Kipimo cha ultrasaundi kilipoonyesha kwamba vali za vena ya mguu wa kushoto, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, hazifungi sawasawa, daktari alipapasa kwanza mapigo ya ateri za nyayo, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, kwani mwenye ateri zilizoziba huweza kudhuriwa na soksi hizi, kisha akaniandikia zinazoishia chini ya goti, zenye mbano wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, kipimo kile kile cha shinikizo la damu.

Damu ya mguuni hupanda ikikamuliwa na msuli wa kigimbi kila tunapopiga hatua, na vali, ambayo ni vijikope viwili vyembamba ndani ya vena, huipisha ikienda juu na kujifunga isirudi. Vena ikitanuka, vijikope havikutani tena. Damu huteremka na kutuama, vena za juujuu huvimba na kujipinda, na shinikizo likidumu, ngozi ya karibu na kifundo huwa nyeusi na huweza kufanya kidonda kisichopona upesi. Soksi hubana zaidi kifundoni na kupungua kadiri zinavyopanda, hivyo huisaidia damu kupanda, ingawa haziponyi vali iliyokwisha kuharibika.

Duka la kwanza liliniuzia kwa nambari ya kiatu. Ukingo wa juu ulijikunja ukanikata chini ya goti kama mpira wa kufungia noti. Katika duka la pili mhudumu aliniambia nirudi asubuhi, kabla mguu haujavimba, akapima kifundo, kigimbi na urefu kwa tepu, kwa makini ya fundi cherehani. Kwa jozi hiyo, jioni alama ya ukanda wa makubadhi haibaki tena kwenye ngozi yangu.

Kuzivaa ni kazi: ni lazima mguu uwe mkavu, na katika joto la Februari nisipopaka poda hazipandi. Rangi iliyokuwapo, ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, sijui ilikusudiwa mguu wa nani hapa Pwani. Ninazifua kwa mkono na kuzianika kivulini, lakini kifundoni zimeanza kulegea, kwa hiyo nimekwisha kuagiza jozi nyingine katika duka lile lile la pili.