Programu za kuchorea ramani ya ulimwengu wa kubuni: ipi uchukue, ipi uache

Mwandishi anayetaka ramani ya kuweka mwanzoni mwa riwaya yake huuliza kwanza programu ipi ina brashi nzuri. Brashi nzuri ziko kila mahali. Ya kuuliza ni haya: programu itahimili karatasi kubwa? Majina ya mito na milima utayaandikaje? Na mwakani utaweza kulifungua faili lako bila kulipa tena?

Tuanze na ukubwa, maana ndipo wengi wanapokwama. Ramani ya A2 ya kuchapwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 4,961 kwa 7,016. Ramani huchorwa kwa matabaka, yaani karatasi angavu zinazolaliana, na tabaka moja lililojaa rangi hula takriban MB 140 za RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Bahari ina tabaka lake, nchi kavu lake, milima, misitu, mipaka na majina vilevile. Ukifikisha matabaka 30 umeshapita GB 4, na bado hujafungua kitu kingine. Kama kitabu ni cha A5, chora kwenye A4, pikseli 2,480 kwa 3,508. Inatosha, na laptopu ya kawaida inaibeba.

1. Krita. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua haihitaji bando. Naiweka juu kwa sababu ya brashi unazojitengenezea: chora miti minne mitano kwa mkono wako, igeuze kuwa ncha ya brashi, iachie programu ibadilishe ukubwa na mpangilio, na msitu mzima unamalizika kwa dakika chache bila kuonekana umepigwa muhuri. Udhaifu wake wa miaka mingi ni maandishi. Dawa ni kuipeleka ramani kwenye programu ya Inkscape, nayo ya bure, ambako jina la mto hufuata mkunjo wa mto wenyewe. Affinity pia inafaa kwa kazi hiyo. Canva waliinunua mwaka 2024, na tangu mwishoni mwa 2025 wanaitoa bure kwa mwenye akaunti.

Pesa uliyookoa nunua kibao cha kuchorea chenye kalamu. Kidogo cha Huion au XP-Pen kisicho na kioo kinatosha kabisa. Kwa kipanya, pwani hutoka vizuri, maana mtetemo wa mkono ndio unaoipa ghuba na rasi. Vilima ndivyo vinavyogoma.

2. Procreate. Dola 12.99, unalipa mara moja tu. Kwa mwenye iPad tayari, hakuna bei nzuri kuliko hii. Kununua iPad kwa ajili ya ramani tu, hapana, na kalamu yake inauzwa kando. Idadi ya matabaka hupungua kadiri karatasi inavyokua, kwa hiyo angalia kikomo chako kabla hujaanza kuchora.

3. Wonderdraft. Hii ni ya asiyejua kuchora, na simcheki. Dola 29.99, mara moja. Unaburuta kalamu na ufuo unajichonga wenyewe, milima na miti unaibandika, majina yanapinda. Kasoro yake ni kwamba ramani za watu wengi zimefanana kwa sababu ya alama zilezile za ndani. Ingiza alama zako mwenyewe za PNG (picha zinazoweza kuwa na mandhari ya nyuma yasiyoonekana), hata ulizochora Krita, na tatizo linaisha.

4. Clip Studio Paint. Matabaka yake ya vekta, yanayohifadhi kila mstari kama mstari badala ya pikseli, yana kifutio kinachokata mstari hadi unapokutana na mwingine. Kwa mito na barabara ni raha tupu. Kwenye Windows na Mac unaweza kuinunua kwa malipo ya mara moja, ila kwenye Android na iPad ni kulipia usajili. Subiri msimu wa punguzo.

5. Inkarnate. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, na kila kikao kinakula data. Toleo la bure halikuruhusu kuuza kazi yako, kwa hiyo mwenye kitabu atalipia. Kwa mchezo wa wikendi na marafiki, sawa.

6. Photoshop. Uwezo inao mwingi, pamoja na maandishi mazuri kuliko hizi zote. Lakini tangu mwaka 2013 Adobe wamehamia kwenye usajili, na riwaya huandikwa kwa miaka. Kama ofisi inalipia, itumie.

Kabla hujatoa hata senti, fungua jenereta ya Azgaar, inayobuni ramani yenyewe, kwenye kivinjari, bure. Inakuzalia mabara, mito na mataifa, nawe unaikopa kama mchoro wa awali. Programu ya kuchorea haitakuambia kwamba mto wako unapanda mlima, au umegawanyika mara tatu njiani kabla ya kufika kwenye delta. Mito huungana ikielekea baharini. Mvua nayo ina upande: Kilimanjaro kusini kuna migomba na kahawa, kaskazini kuna ukavu wa Amboseli. Amua upepo wa ulimwengu wako unatoka wapi, ndipo uweke jangwa.

Mwisho ni fonti. Nyingi zinazopakuliwa bure ni za matumizi binafsi tu, na kitabu kinachouzwa si matumizi binafsi. Tafuta zenye leseni ya SIL Open Font, inayoruhusu kuzitumia hata kwenye kitabu cha kuuza, kisha andika ng' na herufi kubwa zote uone zinavyokaa kabla ya kuyapanga majina mia moja.