Mbao za Randa kwa Meza na kwa Paa: Uzoefu Wangu Dar es Salaam

Meza yangu ya kazi ilidumu wiki sita. Mimi ni mpishi wa keki, nafanyia kazi nyumbani Tabata, na nilitaka meza ndefu ya mbao ya kusukumia unga. Nikaenda duka moja la mbao hapa mjini, nikaonyeshwa mbao za msindano (paini) za inchi 1 kwa 8, futi 12, zimepigwa randa pande zote nne, nyeupe, laini utadhani zimepakwa mafuta. Muuzaji akaniambia, "Dada yangu, hizi ni za fanicha, kavu kabisa. Ukifika nyumbani ni kuunga tu." Nililipa shilingi 17,000 kwa kila ubao, na zile zisizopigwa randa pale pale zilikuwa 13,000. Nikaona ni sawa, nalipia ukavu na kazi safi.

Wiki ya sita uso wa meza ukaachia. Kati ya ubao wa pili na wa tatu sarafu ya shilingi 200 ilisimama bila kushikwa, na ubao wa pembeni ulijikunja kingo zikanyanyuka, ukiweka yai ukingoni linabingirika hadi katikati. Unga ukawa unajazana kwenye nyufa, kila jioni nauchokoa kwa ncha ya kisu. Kwa mtu anayepikia watu, hilo ni jambo la usafi, na lilinikosesha raha.

Nikampigia fundi mmoja mzee wa Keko ambaye amekaa na fanicha tangu ujana wake. Alipofika hakusema kitu kwanza. Aliinama, akaweka shavu lake juu ya uso wa meza, akahama ubao mmoja hadi mwingine. Kisha akauliza, "Mwanangu, mbao hizi uliziacha zipumue siku ngapi?" Nikamwambia ziliungwa kesho yake. "Basi ndiyo hivyo. Randa haikaushi mbao. Randa inaparua tu."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu nadhani wengi tunanunua kama nilivyonunua mimi. Tunaona ulaini, tunasoma ukavu.

Nilitaka kuhakikisha, nikarudi duka lile lile nikanunua ubao mmoja zaidi. Nyumbani nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka katikati ya ubao, maana vichwani hukauka haraka na vitakudanganya. Nikakiweka kwenye mizani yangu ya keki: gramu 240. Nikakitia kwenye oveni, joto la nyuzi 100 na kidogo tu, nikawa nakitoa kila baada ya saa chache kukipima mpaka uzito ukaacha kushuka. Kiligota gramu 180. Yaani maji gramu 60 ndani ya mti wa gramu 180, sawa na asilimia 33. Mbao inayoitwa kavu kabisa! Kwa hewa ya Dar, mbao iliyokaa ndani ya nyumba hutulia kwenye asilimia 14 au 15 hivi. Tofauti yote hiyo ya maji ilitokea mezani kwangu, baada ya gundi na misumari kuishika mbao isisogee. Ubao hausinyai kwa urefu wake kiasi cha kuonekana, husinyaa kwa upana. Ubao wa inchi 8 wa msindano ukishuka kutoka mbichi hadi hapo unaweza kupoteza milimita 5 au 6. Zidisha kwa mbao tano, utaona sarafu yangu ilipata wapi nafasi. (Kipimo hiki kifanye kwa mbao isiyo na dawa tu. Iliyotiwa dawa usiitie oveni hata siku moja.)

Mara ya pili nilikwenda Buguruni pamoja na mzee, tukanunua mbao ambazo hazijapigwa randa. Hapo ndipo nilipoona faida ya mbao ghafi: hasara zake zote ziko wazi. Alinifundisha kuangalia kichwa cha ubao kwanza. Mistari ya miaka ya mti ikiwa imesimama wima, au karibu na wima, ubao huo hautajikunja sana. Mistari ikiwa imelala kama upinde, tarajia ubao ujikunje kama beseni. Na ukiona kile kidoa cha moyo wa mti katikati ya ubao, uache, utapasuka hapo hapo. Halafu ananyanyua ubao mkono mmoja, anafumba jicho, anautazama kwa urefu wake wote kama mtu anayelenga shabaha. Macho madogo, yaani alama za matawi, yaliyoshikamana na mbao hakuyajali. Jicho jeusi lenye duara la gome linalolizunguka alilikataa, kwa sababu siku moja litatoka libakize tundu. Kati ya mbao thelathini tulichagua kumi na nne. Muuzaji alinung'unika, lakini mzee alizirudisha zilizobaki kwenye safu vizuri kuliko alivyozikuta, na wakaagana kwa amani.

Tulizipanga kwangu chini ya upenu, juu ya matofali, na kati ya safu na safu vijiti vya unene mmoja vilivyopangana wima, hewa ipite. Juu bati, pembeni wazi. Ubao mmoja niliuwekea alama ya kalamu nyekundu na kila Jumamosi naupeleka kwenye mizani ya duka la nafaka la jirani. Ulianza kilo 11 na nusu. Ilichukua wiki kumi na moja kuacha kushuka. Nikarudia jaribio la oveni: kipande cha gramu 205 kikaishia 180. Asilimia 14. Sasa ndiyo tukazipeleka kwenye mashine ya randa, shilingi 1,000 kwa ubao.

Hapa kwenye randa yenyewe nina mawili ya kusema. La kwanza, simama pale. Mbao ina upande nyuzi zake zinakoelekea, kama manyoya ya paka. Ikiingizwa kinyume, kisu kinang'oa nyuzi na kuacha vijishimo ambavyo msasa hauvimalizi. Ubao wetu wa kwanza uliingia kinyume, mzee akanyoosha mkono, kijana wa mashine akaugeuza, na wa pili ukatoka safi. Angalia pia visu: washa tochi ya simu, ilaze sambamba na ubao. Ubao ukiwa umevutwa haraka kwenye mashine au visu vimechoka utaona mawimbi madogo yaliyokwenda mfululizo. Kwa mkono huyahisi, ila siku ukipaka vanishi yatatokea yote.

La pili ni unene. Ubao wa inchi 1 ukipigwa randa hauwezi kubaki inchi 1, hilo halina ubaya. Ubaya ni kutoambiwa. Zile za dukani nilipozipima kwa futi kamba zilikuwa milimita 18, wakati inchi ni 25. Zetu zilitoka milimita 21 hadi 22. Kama fundi amechora kabati kwa kipimo cha jina la ubao, milango haitafunga, kwa hiyo pima baada ya randa ndipo mchore.

Kwa paa, ushauri wangu ni tofauti kabisa. Wakati wa kupaua nyumba yetu Chanika kuna aliyetaka tupige randa mbao za kenchi zote, 2 kwa 4 na 2 kwa 6, "zipendeze". Kenchi iko juu ya dari, nani ataiona? Randa inakupunguzia unene unaobeba bati, na kama mbao imeshatiwa dawa ni hasara zaidi, maana dawa imekaa zaidi kwenye tabaka la nje, na hilo ndilo randa inaloondoa. Unalipa mara mbili ili kumfungulia mchwa mlango. Barazani, mbao zinapoonekana, tulipiga randa kwanza, tukakata kwa vipimo, ndipo zikaenda kutiwa dawa. Na tafadhali, maranda ya mbao za kijani zile za dawa msiwapelekee kuku, wala msiyachome jikoni. Dawa nyingi za kijani zina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Nimeona watu wanayazoa kwenye viroba kwa furaha, na roho inaniuma.

Mninga sikununua kwa meza, bei yake si ya kusukumia unga. Nilinunua kwa mlango wa mbele tu. Ni mti mtulivu, husinyaa kidogo kuliko mingi, ila kata pembeni ule weupe wote. Bungua, mdudu anayetoboa mbao, hupenda kuanzia hapo, na mwekundu wa ndani ndio uliolipia. Omba risiti na uangalie alama ya nyundo ya misitu, ile inayogongwa na maofisa misitu kwenye mbao halali. Vaa barakoa karibu na randa, vumbi lake linawasha pua.

Meza mpya ina miezi saba. Mzee hakuipigilia misumari ubavuni, aliifunga kwa vishikizo vya mbao vinavyoteleza chini yake, ili masika ikitanuka ipate pa kwenda. Imetanuka kidogo Aprili, ikarudi. Hakuna ufa.

Mbao sita nyingine mpya ziko chini ya upenu kwa ajili ya kabati la vyombo, na mmoja wao nimeuwekea alama nyekundu kama mwanzo. Jumamosi iliyopita ubao huo ulikuwa kilo 8.6. Juzi tena 8.6. Nimemwambia mzee aje Jumatatu.