Monstera yangu yenye mabaka meupe: miezi ishirini ya kuitunza Kampala

Niliinunua Februari mwaka jana kwa shilingi 380,000, kwa muuza miche mmoja wa kando ya barabara ya Entebbe. Ilikuwa na majani matano, nusu kijani nusu nyeupe, na nilikodi gari zima kuifikisha nyumbani Kisaasi kwa kuhofia majani yasivunjike njiani. Leo ina majani kumi na moja, imenipita kimo, na jani la juu kabisa lina upana wa sentimita 46. Katikati hapo iliwahi kubaki na majani mawili, nikadhani nimeipoteza.

Kwa asiyeijua: monstera kwao ni misitu ya kusini mwa Meksiko mpaka Panama, ambako hutambaa na kupanda miti mikubwa. Ni ukoo mmoja na magimbi, haya ambayo hapa Kampala tunayanunua kwa jina la mayuni. Ya kawaida ni ya kijani kitupu na hupatikana kwa bei ndogo. Hii yenye mabaka, ambayo wapenzi wa mimea huiita albo, ina sehemu za jani zisizo na klorofili, ile rangi ya kijani inayoliwezesha jani kujipikia chakula kwa mwanga. Kwa hiyo kila baka jeupe linalishwa na kijani kilicho jirani yake. Mimi nililipia weupe, lakini tangu siku ile kazi yangu imekuwa kukitunza kijani.

Aliyeniuzia alinipokea vizuri. Akaifuta majani kwa kitambaa mbele yangu, akanifungia, akaniambia, "Nyabo, hii inapenda maji sana. Wewe mwagilia kila asubuhi." Nikamwamini, mtu anayeshinda na miche tangu alfajiri ningempingaje? Sikuomba kuona mizizi, wala sikulitazama shina. Nilitazama majani tu, na majani yalikuwa ya kuvutia kweli.

Wiki ya tatu jani la chini likawa njano, likafuatiwa na la pili. Udongo ukaanza kunuka kama muhogo uliovundikwa. Nilipoung'oa mmea ndipo nilipoona: udongo mwekundu wa mfinyanzi umeshindiliwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, na mfuko wenyewe umetumbukizwa katika chungu cha saruji kisicho na tundu hata moja. Maji yangu ya kila asubuhi hayakuwa na pa kwenda. Mizizi ilikuwa ya kahawia na laini; ukiuvuta mmoja, ganda linavuka na kubaki uzi mkononi. Nilimpigia muuzaji, naye akanijibu kwamba mche ukishatoka kwake si wake tena. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Fedha zile nilizikusanya kwa miezi, na ushauri ulioiozesha mizizi ulitoka kwake.

Jioni ile nilimpigia mama yangu Tanga. Nilipomweleza mmea wenyewe unaishi vipi kwao, alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Mwanangu, kitu kinachokaa juu ya mti, wewe umekizika?" Nikakumbuka nyuma ya nyumba yetu, ambako makumbi ya nazi yalikuwa yakirundikwa mpaka kimo cha mtoto, na mama akiyatumia kupandia maua yake. Hakuwahi kuyapandia kwenye udongo mtupu.

Basi nikaanza upya. Nilikipitisha kisu kwenye spiriti, nikakata kila mzizi uliolainika mpaka nikafika penye weupe mgumu. Majani matatu yakaenda nayo. Nilipaka mkaa uliotwangwa penye majeraha, nikauacha mmea kivulini tangu asubuhi hadi alasiri ili majeraha yakauke. Makumbi niliyapata kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village, yakiwa yameshindiliwa kama matofali. Niliyaloweka na kuyasuuza mara tatu kuondoa chumvi. Ndeeba, kwa wachana mbao, niliomba mabanzi ya msonobari, nikayabandua magome na kuyakatakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Nikaongeza chenga za mkaa, kokoto nyepesi za volkano zinazotoka Kisoro, na mboji iliyoiva vizuri. Ukiukamata mchanganyiko huo mkononi na kuubana, hauwi donge, unaachia. Ndivyo ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Chungu nikachagua cha udongo, chenye matundu matano chini, kikubwa kidogo tu kuliko mizizi iliyobaki, kwa sababu chungu kikubwa mno hukaa na unyevu ambao mizizi michache haiwezi kuunywa.

Mara ya pili kuushika mmea, nilivaa glavu. Mara ya kwanza utomvu uliniwasha viganja vile vile kama unavyowashwa ukimenya magimbi mabichi, na sababu ni moja: ukoo huu una fuwele ndogo kama sindano ndani ya majani na mashina. Mwanangu mdogo ana miaka miwili na kila kitu anakitia kinywani, kwa hiyo chungu kinakaa nyuma ya kochi ambako mkono wake haufiki. Mwenye mtoto au paka alipange hilo kabla hajalipa.

Wiki saba nzima hakikutokea kitu. Kisha likachomoza jani dogo.

Sasa maji. Situmii tena kalenda. Nina kijiti cha mshikaki, nakichomeka mpaka karibu na kitako cha chungu, nakiacha dakika chache, nakichomoa. Kikitoka na unyevu, naondoka zangu. Kikitoka kikavu hadi nusu, namimina maji mpaka yatoke chini, kisha namwaga yaliyosimama kwenye kisahani. Januari, jua linapowaka na vumbi la barabara yetu ya murram linaingia mpaka kabatini, huwa ni kila siku sita hivi. Aprili, mvua zikikolea, siku kumi na mbili zinapita bila kuigusa. Vumbi hilo nalifuta kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi, jani kwa jani, nikilishika kwa chini kwa kiganja kingine. Jani lenye vumbi halipati mwanga wa kutosha, na hili tayari nusu yake haifanyi kazi.

Lakini kilichonisumbua zaidi ya maji ni jua. Mwanzoni niliiweka dirisha la magharibi. Jua la saa kumi alasiri lilichoma mabaka meupe kwa siku mbili, yakawa kama karatasi iliyopigwa pasi ya moto. Nikageukia maelezo ya watu wa Ulaya, ambayo karibu yote yanasema dirisha la kaskazini ni la kivuli na la kusini ndilo la mwanga. Nikaihamishia kaskazini, Machi ikapita salama, Aprili salama. Kufika Juni jani jingine likaungua, dirisha lile lile.

Nilisimama pale asubuhi moja nikatazama jua linakotokea, ndipo nikaelewa. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia kama tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba jua linapita upande wa kaskazini yetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Dirisha ambalo Februari lina mwanga mpole, Juni linapigwa na jua. Ushauri wa kaskazini na kusini hauwezi kutusaidia sisi ikiwa umeandikwa kwa mtu wa London. Kilichobaki bila kubadilika mwaka mzima ni mashariki: jua la asubuhi linaingia, ni laini, na saa nne au tano limekwisha kuinuka juu ya paa. Hapo ndipo ilipo sasa, mita moja kutoka dirishani, nyuma ya pazia jepesi. Tangu niihamishie hapo hakuna baka lililoungua. Kingo za weupe hupata ukahawia kidogo jani likishazeeka, hilo nimelikubali.

Mwezi wa tisa likatoka jani jeupe tupu. Sijawahi kuona kitu kama kile ndani ya nyumba. Majirani walikuja kupiga picha nalo. Likafuata la pili, jeupe vile vile, dogo kuliko la kwanza. Hapo nikaogopa. Majani mawili makubwa yanakula na hayapiki, na kijani kilichobaki chini kilikuwa cha majani manne. Shina lilionyesha kilichokuwa kikiendelea. Ukilitazama kwa karibu utaona mstari mweupe na mstari wa kijani vikipanda pamoja, na kwenye kila fundo, kama fundo la muwa, kuna jicho. Jicho likikaa juu ya mistari yote miwili, chipukizi lake litakuwa na mchanganyiko. Likikaa kwenye weupe pekee, litatoa weupe. La kijani pekee litatoa kijani.

Nilikata. Nilirudi chini hadi fundo lenye rangi zote mbili, na mkono ulitetemeka kwa sababu nilikuwa naondoa sehemu iliyosifiwa kuliko zote. Wiki tano baadaye jicho lile likafumbuka, na kila jani lililofuata limekuwa na kijani cha kutosha. Kama ungeniuliza ni uamuzi gani uliouokoa mmea huu kwa mara ya pili, ni huo.

Ndiyo maana leo nikienda kununua naanzia kwenye shina, majani baadaye. Mistari ikionekana mpaka juu, nalipa. Shina likiwa la kijani kitupu chini ya jani zuri, siachi hata shilingi. Na kuna wauzaji wanaouza jani moja lililokatwa bila fundo. Jirani yangu alilipa 60,000 kwa jani kama hilo, likakaa majini miezi minne likiwa zima na halikutoa chipukizi, kwa kuwa jicho halikuwepo. Mbegu za monstera ya mabaka zinazotangazwa kwenye simu nazo ni hasara. Mabaka haya ni hitilafu iliyo kwenye chembechembe za shina lenyewe, na hurithishwa kwa kipande cha shina.

Kuhusu nguzo. Mmea huu hautaki kusimama wenyewe, unataka kushika kitu. Nilikwenda kutembea bustani ya mimea ya Entebbe, ile ya mwaka 1898 ufukoni mwa ziwa, nikatazama mimea inayotambaa ilivyoyakumbatia magogo, majani ya chini madogo, ya juu makubwa. Nilirudi na wazo la kuifungia nguzo yangu lubugo, nguo ya magome ya mti wa mutuba, kwa vile inashika unyevu. Nilimwuliza jajja, yaani mzee wetu mwenye nyumba, wapi nitapata mabaki. Alinitazama kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, lubugo tunamzikia mtu. Kabaka anatawazwa kwa lubugo. Usiifunge kwenye chungu." Nilimshukuru na kumwomba radhi. Miaka minane nimeishi hapa na sikuwa nimelielewa hilo sawasawa. Nguzo yangu sasa ni bomba la plastiki lililozungushiwa wavu na kujazwa makumbi, nalilowesha kila siku mbili, na mizizi ya hewani imezama ndani yake. Ninapofunga, nafunga shina kwa uzi wa katani, kamwe si kikonyo cha jani, kwa sababu kikonyo kinahitaji kugeuka kufuata mwanga.

Wadudu walikuja mara moja, wale weupe kama pamba wanaojificha penye makwapa ya majani. Pamba yenye spiriti, kisha maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini kila siku ya tano kwa wiki tatu. Hawajarudi. Mbolea ni NPK ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa bei ile ile, lakini kwa mtu atakayeniruhusu kuitoa kwenye mfuko mbele yake. Mmea wenyewe naupa alama zote. Huduma niliyouziwa nayo siipi hata moja, na yeyote anayeuza mche wa laki tatu na zaidi akiwa ameupanda kwenye mfinyanzi usio na tundu anajua, au anapaswa kujua, kitakachotokea. Mwenye dirisha la magharibi pekee, au anayesafiri wiki tatu tatu bila wa kumwachia nyumba, aanze na ile ya kijani kitupu. Ni imara, na inafundisha.

Kipande nilichokata siku ile, kile cha weupe mtupu, kilikufa ndani ya chupa kama nilivyotarajia. Fundo la chini yake, lenye mstari mwembamba wa kijani, nilimpa Mama Baraka wa nyumba ya pili, mtu wa Bunia, naye akaliotesha majini mpaka likatoa mizizi mirefu kama kidole. Jumapili iliyopita aliniita niende haraka. Chipukizi lilikuwa limechomoza, limejiviringa kama mkeka, na kwenye ubavu wake mistari yote miwili ilikuwa inaonekana.